Nyumba Mpya ya Nje ya Jiji: Ikague Kuanzia Nje



Jioni hii nataka tuzungumze juu ya kununua nyumba mpya. Nazungumzia ile nyumba aliyoijenga mtu mwingine kwa ajili ya kuiuza, nje kabisa ya Dar es Salaam, ambako mnunuzi atakuwa akilala usiku na alfajiri anarudi mjini kutafuta riziki. Shika barabara ya Bagamoyo kutoka Mwenge, pita Tegeta na Boko, nenda Bunju hadi Mapinga, utaona mabango yake. Shika barabara ya Morogoro kuanzia Mbezi, Kibamba hadi Kibaha, ni hivyo hivyo. Vuka uende Kigamboni, upande wa Kibada na Mwongozo, hali ni ile ile. Bango linasema vyumba vitatu, kimoja masta, jiko la kisasa, fensi, geti na mlinzi saa 24. Chini kabisa kuna namba ya simu na maneno ya kuvutia: lipa kidogo kidogo, hamia sasa.

Mimi sina ugomvi na biashara hiyo. Wengi wetu tumelelewa katika nyumba zilizojengwa kwa miaka kumi au zaidi: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, mabati yakipatikana shukuru Mungu, plasta itasubiri mtoto amalize shule. Njia hiyo imewapa mamilioni ya Watanzania makazi, lakini imewachosha pia. Mwalimu, muuguzi au karani wa benki hana siku ya kwenda saiti kumsimamia fundi na kuhesabu mifuko ya saruji. Anayemletea nyumba iliyokwisha, yenye mlango na ufunguo, anamtatulia shida ya kweli.

Ugomvi wangu uko kwenye namna tunavyozikagua nyumba hizi. Jumamosi muuzaji anakupeleka moja kwa moja sebuleni. Anakuonyesha jipsamu darini, taa zilizofichwa pembeni, marumaru zinazong'aa, makabati ya jikoni yasiyo na alama ya kidole. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Kwa nyumba hizi za nje ya jiji, naongeza kwamba wala si sebule. Neno langu la leo ni moja: nyumba ya aina hii ikaguliwe kuanzia nje kuja ndani. Anza na ardhi na karatasi zake, halafu barabara, halafu maji, na kuta ziwe za mwisho. Muuzaji atakutembeza kwa mpangilio wake, na ni haki yake. Wewe nenda na wako.

Kwanza tuelewe kwa nini nyumba hizi zimekuwa nyingi huko nje. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam na watu 5,383,728, kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2012. Lakini tazama jirani yake, mkoa wa Pwani. Kwa miaka hiyo hiyo kumi Pwani ilitoka takriban watu milioni 1.1 hadi takriban milioni mbili. Jiji limevuka mpaka wake wa kiserikali na kuingia Kibaha, Bagamoyo na Mkuranga. Serikali yenyewe iliwahi kulisukuma jiji lipanuke kwa mpango. Kuanzia mwaka 2002 ulikuwapo ule Mradi wa Viwanja 20,000, uliopima viwanja Bunju, Mbweni, Mivumoni, Buyuni, Tuangoma, Kisota, Kibada na kwingineko. Penye viwanja vilivyopimwa, wajenzi walifuata. Ila mahitaji yalikimbia kuliko upimaji, na leo nyumba nzuri kabisa zinauzwa mahali ambapo mpima ardhi hajawahi kukanyaga. Ndiyo maana tunaanza na ardhi.

Ndugu msikilizaji, katika nchi yetu ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Unachonunua ni haki ya kuitumia kwa muda ulioandikwa kwenye hati: miaka 33, au 66, au 99. Kwa hiyo swali la kwanza, kabla hujauliza bei, ni hili: hati ipo, na ni ya jina la nani? Ukijibiwa kwamba hati iko kwenye mchakato, uliza mchakato umefika wapi na uonyeshwe karatasi. Ukionyeshwa mkataba wa mauziano wenye muhuri wa serikali ya mtaa, elewa kwamba hapo umeonyeshwa mkataba, hujaonyeshwa hati. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unaweza kuthibitisha kwamba watu wawili waliuziana mbele ya mashahidi. Hauwezi kuthibitisha kwamba aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza. Kule Pwani kuna jambo la ziada: baadhi ya maeneo bado ni ardhi ya kijiji, na hiyo ina sheria yake peke yake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Uulize kama eneo lilishahamishwa kutoka ardhi ya kijiji, na nani aliidhinisha.

Hati ikiwapo, usiridhike kuishika mkononi. Wakili wako, na nasisitiza awe wako, asiwe yule aliyeletwa na muuzaji, aende akafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati. Upekuzi ule ni karatasi fupi tu, lakini una mambo matatu ya kusoma taratibu. La kwanza ni jina la mmiliki: je, ni yule yule anayekuuzia, au ni kampuni nyingine kabisa? La pili ni rehani. Mjenzi wa nyumba nyingi mara nyingi huwa amekopa benki kwa kuweka kiwanja kizima dhamana, na hilo si kosa. Kosa ni wewe kulipa nyumba yote bila barua ya benki inayosema kwamba ukimaliza kulipa, nyumba yako itatolewa kwenye dhamana ile. Bila barua hiyo unaweza kuwa umemaliza deni lako huku nyumba yako inangoja kupigwa mnada kwa deni la mwingine. La tatu ni zuio lolote lililosajiliwa na mtu anayedai haki yake juu ya ardhi ile. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la ardhi liko pale kwa Msajili, halipo kwenye simu ya dalali.

Halafu nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri, ukaangalie mchoro wa eneo. Je, pale pametengwa kwa makazi, au ni eneo la wazi, la shule, au hifadhi ya barabara? Mwaka 2017, upanuzi wa barabara ya Morogoro ulipoanza kuelekezwa Kibaha, nyumba nyingi kuanzia Kimara kwenda mbele zilibomolewa kwa sababu zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo pale ilihesabiwa mita 121.5 kutoka katikati ya barabara. Ndani yake mlikuwa na nyumba za watu walioishi humo miaka mingi, waliolipia umeme na maji kama wakazi wengine. Mita ya Luku ukutani haikulizuia tingatinga. Na Kigamboni wanakumbuka mwaka 2008, Serikali ilipotangaza mpango wa mji mpya, na watu wakakaa miaka mingi hawajui wajenge, wauze, au wangoje fidia. Mpango wa serikali ni kitu kizito. Afadhali ukauona kwenye mchoro ukiwa bado na pesa yako mfukoni.

Na hili nalisema kwa wanandoa. Mkinunua pamoja, hati iandikwe majina yenu wote wawili. Nimeona mjane akibebeshwa kesi kwa sababu ya jina moja lililokosekana kwenye karatasi, na mama yule ndiye aliyekuwa akipeleka marejesho benki kila mwisho wa mwezi.

Baada ya ardhi, tuje kwenye malipo, kwa sababu nyumba nyingi hizi huuzwa kabla hazijajengwa. Unaonyeshwa ramani na picha ya kompyuta, bustani ina maua, watoto wanaendesha baiskeli. Unaambiwa: anayelipa mapema, kabla msingi haujachimbwa, anapata bei nafuu. Ni kweli anapata bei nafuu, na ni haki aipate, kwa sababu anabeba hatari ambayo mnunuzi wa nyumba iliyokwisha haibebi. Lakini ajue ameibeba.

Na asidhani hatari hiyo inatoka kwa matapeli peke yao. Kuna mradi mkubwa wa Dege, huko huko Kigamboni, ambao mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF ulikuwa mbia. Ulilenga nyumba zaidi ya 7,000, mji mzima ufukweni. Ujenzi ulisimama mwaka 2016, na majengo yale yakabaki yamesimama matupu kwa miaka. Mradi wenye fedha na majina makubwa nyuma yake ulisimama. Mjenzi mdogo anayetegemea malipo ya mnunuzi wa leo ili amalizie nyumba ya mnunuzi wa jana anaweza kusimama kwa jambo dogo zaidi: saruji ikipanda bei, au wanunuzi wanne wakichelewesha malipo yao.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na nakuomba uishike: pesa ifuate kazi, isitangulie ahadi. Mkataba uigawe bei kwa hatua za ujenzi, usiigawe kwa tarehe za kalenda. Fungu moja msingi ukikamilika, jingine kuta zikifika kwenye renta, jingine paa likiezekwa, na fungu la mwisho, tena lisiwe dogo, libaki mkononi mwako mpaka siku ya ufunguo na hati. Mkataba useme nyumba itakabidhiwa lini, na ikichelewa mjenzi atakulipa nini. Useme ukijitoa utarudishiwa kiasi gani na ndani ya siku ngapi. Useme bei ina VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ndani yake au haina, maana asilimia 18 ikija kudaiwa mwishoni inatosha kuvunja ndoto ya mtu. Useme nani atalipa ushuru wa stempu na gharama za uhamisho. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, usikubali ikahamishiwa kwako kimya kimya. Hapa kwetu, kinga kubwa ya mtu anayenunua kwa ramani ni maneno ya mkataba wake mwenyewe. Basi usitie saini mkataba uliousoma juu ya boneti ya gari.

Na anayekopa apige hesabu yake mpaka mwisho. Mikopo ya nyumba ilikuwa adimu sana kwetu. Sheria ya mwaka 2008 ya kuwezesha mikopo ya rehani, na kuanzishwa kwa kampuni ya TMRC mwaka 2010 ili kuzipa benki fedha za muda mrefu, vimefungua mlango. Lakini riba imekuwa ikicheza kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Chukua mfano: unakopa shilingi milioni 60 kwa asilimia 17, ulipe kwa miaka 15. Kila mwezi utarejesha takriban shilingi 923,000. Ukifika mwisho utakuwa umelipa zaidi ya milioni 166. Sikutishi. Nyumba ni yako, na kodi ya pango nayo ingekula fedha nyingi kwa miaka hiyo. Nataka tu uketi na mwenzako mezani, muiandike namba hiyo ya milioni 166, muitazame, halafu ndipo muamue.

Sasa tutoke kwenye karatasi, tuingie barabarani. Wauzaji hupima umbali kwa dakika za Jumamosi saa nne asubuhi. Dakika 40 kutoka Mwenge, watakuambia, na siku ile kweli zitakuwa dakika 40. Mimi nakuomba, kabla hujatoa hata shilingi ya kwanza, uisafiri safari hiyo siku ya kazi. Omba kulala kwa ndugu au rafiki anayeishi karibu na pale. Amka saa kumi na nusu alfajiri, tembea mpaka kituoni, panda kile utakachokuwa unapanda, ufike kazini. Jioni urudi hivyo hivyo, uone unashuka saa ngapi, na kutoka lami hadi mlangoni pana giza kiasi gani.

Jiji letu limejengwa kwenye barabara kuu nne zinazotoka katikati kama vidole: ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Nyerere inayokwenda Pugu, na ya Kilwa. Karibu kila mtu wa nje anarudi kwenye mojawapo ya barabara hizo nne, na wote wanarudi saa ile ile. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni na Kariakoo, yaliwapunguzia watu wa njia ile saa nzima na zaidi. Lakini aliyenunua Kibamba au Kibaha alilazimika kwanza kufika Kimara. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka huo huo, mwezi Aprili, likaifanya Kigamboni kuwa mtaa wa Dar badala ya safari. Hata hivyo, tozo ya daraja au nauli ya kivuko ni fungu la bajeti yako ya kila mwezi. Na siku hizi utasikia nyumba ikisifiwa kwamba iko jirani na kituo cha treni ya reli ya kisasa, SGR. Treni ile ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na vituo vya Pugu, Soga na Ruvu vipo. Ila kituo ni jengo, kinachokufikisha kazini ni ratiba. Chukua ratiba, uone kama kuna treni inayosimama hapo kwa saa yako na kukurudisha kwa saa yako.

Fanya hesabu hii. Saa mbili kwenda na saa mbili kurudi ni saa nne kwa siku. Kwa siku 22 za kazi, ni saa 88 kila mwezi. Hizo ni takriban wiki mbili nzima za kazi, na hakuna anayekulipa. Baba anayesafiri hivyo anaondoka watoto wamelala, anarudi watoto wamelala, na anawajua kwa sura za Jumapili. Mama anamaliza kazi ya ofisi kisha anasimama kwenye basi akiwa ameshika bomba mpaka Bunju, na nyumbani jiko linamsubiri. Na mtoto wa miaka sita anayesoma shule ya mjini kwa sababu huko nje hakuna shule nzuri, anaamshwa saa kumi alfajiri akasinzie kwenye gari la shule. Mimi naona huyo mtoto ndiye anayelipa sehemu kubwa ya nyumba, na hakuulizwa. Kwa hiyo tafuta nyumba yenye shule na zahanati unazoziamini hapo hapo jirani, hata kama sebule yake ni ndogo. Kama hujaziona, usihesabu kwamba zitakuja.

Baada ya barabara, maji. Maji tunayo ya aina mbili: yanayokosekana, na yanayokuja bila kualikwa.

Yanayokosekana ni ya bomba. Sehemu kubwa ya maji ya Dar inatoka Mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mwaka 2022 mto ulipopungua, jiji zima liliingia kwenye mgao, na visima virefu vya Kigamboni ndivyo vilivyosaidia. Sasa wewe uulize: nyumba hii imeunganishwa na bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, au inatumia kisima cha mjenzi? Kama ni kisima, maji yake yamepimwa wapi? Fungua koki ya jikoni, kinga kikombe, onja. Kisha inama uitazame koki yenyewe chini ya mdomo, na kile kichwa cha bomba la bafuni. Ukiona ukoko mweupe na kijani kwenye nyumba ambayo haijawahi kukaliwa, ujue maji yana chumvi, na hita, mabomba na mashine yako ya kufulia vitaliwa mapema. Uliza pia pampu ni ya nani, umeme wake unalipwa na nani, na ikiharibika usiku wa sikukuu nani ataitwa.

Yanayokuja bila kualikwa ni ya mvua. Nyumba hizi nyingi huonyeshwa kiangazi. Rudi masika. Kama huwezi kungoja masika, nenda kawaulize waliokuwapo kabla ya fensi: mama muuza maandazi, mzee mwenye shamba la mihogo ng'ambo ya barabara, vijana wa bodaboda kijiweni. Waulize maji ya mvua hupita wapi na mwaka ule wa mvua kubwa yalifika wapi. Watakuonyesha kwa mkono, pale kwenye shina la mnazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipowafagia watu wa bonde la Msimbazi, Serikali iliwahamishia Mabwepande, huko huko nje ya jiji tunakokuzungumzia. Tangu wakati huo mabonde mengine huko nje yamejazwa vifusi na kujengwa. Maji hayasomi bango. Yana njia yao ya zamani, na ukuta wa fensi ukizibwa chini bila tundu, yatasimama uani kwako mpaka yaamue.

Hapo sasa, ndugu msikilizaji, kama ardhi imesimama, mkataba umesimama, barabara inavumilika na maji yana njia yake, ingia ndani. Na ukiingia, usiende peke yako. Mlipe fundi mwenye umri, asiyemjua muuzaji, nusu siku yake. Ada yake ni ndogo kuliko gharama ya tatizo moja lililofichwa.

Muone anavyofanya kazi. Hatazami taa. Anagonga marumaru kwa sarafu, moja baada ya nyingine, akisikiliza ile inayolia tupu kwa sababu chini yake hakukuwekwa saruji ya kutosha. Anachukua ufunguo na kukwaruza plasta nyuma ya mlango, mahali rangi ilipopakwa kwa haraka, na plasta ikimwagika kama unga anakutazama bila kusema neno. Anatafuta nyufa kwenye pembe za madirisha: ufa mwembamba ulionyooka mara nyingi ni wa plasta, ufa unaopanda ngazi kufuata maungio ya tofali mara nyingi unatoka chini, kwenye msingi. Anapanda darini na tochi, aone mbao zimepakwa dawa ya mchwa au hazikupakwa. Anafungua mfuniko wa chemba nje, anamwambia mtu avute maji chooni, aone yanakimbia au yanatuama. Anauliza shimo la choo liko umbali gani na kisima. Mwisho anauliza jina la mkandarasi na namba yake ya usajili kwenye Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na kibali cha ujenzi kilichotolewa na halmashauri. Kasoro anazozikuta ziandikwe, zitiwe saini na pande zote mbili, na mkataba uwe na kipindi cha mjenzi kurekebisha kasoro baada ya wewe kuhamia, angalau masika moja ipite.

Na kuna kitu kimoja cha mwisho ambacho hakimo kwenye kuta: majirani. Ukinunua ndani ya fensi moja na wenzako 30, mnashirikiana geti, barabara ya ndani, taa, taka na pampu. Uliza ada ya mwezi ni kiasi gani na nani anaipanga. Kwa fleti, sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inampa kila mtu hati ya sehemu yake na inawapa wamiliki chama cha kusimamia vitu vya pamoja. Kitumieni chama hicho tangu mwezi wa kwanza, msingoje lifti ikwame. Na hata penye nyumba moja moja, kaeni kikao, muandike daftari la mapato na matumizi, muwachague viongozi mtakaoweza kuwahoji. Majirani walioungana wanamleta mjenzi mezani, lakini mtu mmoja mmoja hujibiwa kwamba bosi amesafiri.

Nina neno kwa ndugu zetu walio nje ya nchi, Muscat, London au Toronto, ambao wananunua nyumba hizi kwa kutazama video. Tuma mtu wako mwenye macho, alipwe na wewe, atembee hatua zote hizi. Na kama ulishachukua uraia wa nchi nyingine, anza kwa wakili kabla ya kuanza kwa nyumba, maana Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inambana asiye raia.

Na nina neno kwa wenye mamlaka. Wajenzi wa nyumba, wa umma na wa binafsi, wamekuwa wakilalamika kwamba wakipeleka nyumba nje ya jiji hulazimika kuvuta wenyewe barabara, maji na umeme, na gharama hiyo huingizwa kwenye bei. Malalamiko hayo ni ya haki. Halmashauri inayotoa vibali ifike kabla ya nyumba, ikiwa na mchoro, mfereji na kituo cha basi. Na fedha za anayenunua kwa ramani zinastahili kutunzwa mahali ambapo mjenzi hawezi kuzigusa mpaka kazi ionekane. Sheria ikilitamka hilo waziwazi, mjenzi mwaminifu hatapoteza chochote, maana atapata wateja wanaomwamini, na mfanyakazi wa kawaida hatakuwa akicheza kamari na akiba ya miaka 20.

Mpaka siku hiyo ifike, wewe unayeketi sasa na kipeperushi cha nyumba mkononi, usitume malipo ya kushika nafasi usiku huu. Kesho asubuhi omba nakala ya hati, mpe wakili wako akafanye upekuzi. Wiki ijayo safiri ile safari ya saa kumi na nusu. Muuzaji akikuambia kuna mteja mwingine anakuja saa nane, mwache aje. Nyumba inayokufaa itavumilia kukaguliwa kwa wiki tatu, na wewe utaishi ndani yake miaka 30.